Mtani Hapewi Alama

Hotuba ya mwalimu mlezi wa mashindano ya mabweni kwenye mahafali ya kidato cha nne, shule ya sekondari ya wavulana, Nyanda za Juu Kusini

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, wazee wa kijiji jirani, wazazi na walezi mliolala kwenye mabasi ili muwahi hapa asubuhi, walimu wenzangu, wapishi wetu, na ninyi vijana mliokaa hapo mbele: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeagizwa nisome taarifa ya mashindano ya mabweni ya mwaka huu. Matokeo ni mafupi, na nayasema mapema ili wenye wasiwasi wapumue. Mpira wa miguu umekwenda Mirambo, kwa penalti, baada ya sare ambayo kila aliyekuwapo ataisimulia kwa namna yake. Mpira wa wavu, Songea. Kuvuta kamba, Mkwawa, mwaka wa tatu mfululizo. Mbio za nyika, upandaji miti na maendeleo ya taaluma, Kinjekitile. Kwa jumla kuu, Kinjekitile ni wa kwanza na Mirambo wa pili kwa pengo la alama 4. Songea wa tatu, Mkwawa wa nne. Nawaona mama zetu wa Kinjekitile pale nyuma wameshasimama. Pigeni vigelegele, ni haki yenu.

Taarifa imekwisha. Muda uliobaki naomba niutumie kueleza tulikotoka, maana Januari hali haikuwa hivi, na wazazi mna haki ya kujua watoto wenu wamekaa vipi humu.

Kwa wageni, mabweni yetu ni manne na kila moja limebeba jina la mtu. Yupo Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyewavizia Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Yupo Mirambo wa Urambo, ambaye jeshi lake la rugaruga lilichanganya vijana wa makabila mbalimbali wakawa kitu kimoja. Yupo Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Na yupo Songea Mbano, nduna, yaani jemadari, wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika mji ambao leo unaitwa kwa jina lake. Kijana akifika kidato cha kwanza anachota kikaratasi kwenye kofia, na bweni lililoandikwa humo ndilo lake mpaka amalize. Hatuangalii anatoka mkoa gani wala baba yake ni nani.

Naipenda sana kofia ile. Zamani mtoto wa Bukoba alipangiwa shule kusini, wa Mtwara akapangiwa Tabora, na nchi hii ikajuana kwenye vitanda vya juu na chini. Tangu shule za kata zilipoenea kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, watoto wengi wanasoma karibu na nyumbani. Ni jambo jema mno, limewafikisha sekondari watoto ambao wazazi wao walikuwa hawaioti. Lakini maana yake pia ni kwamba sehemu ambazo kijana wa miaka 14 analala chumba kimoja na mtu asiyemfahamu, wa lugha nyingine na dini nyingine, zimekuwa chache. Sisi ni mojawapo. Tukiiharibu nafasi hiyo tumewadhulumu.

Na Januari tulikuwa tunaiharibu. Jumamosi ya mechi ya ufunguzi, mpira uliisha saa kumi na mbili jioni, na kabla ya kengele ya chakula vioo vya bweni moja vilikuwa chini vyote upande wa mashariki. Kijana mmoja alishonwa nyuzi nne kichwani. Usiku ule walimu tulikaa mpaka saa sita. Wenzangu wengi walitaka mashindano yafutwe, na hoja yao haikuwa nyepesi. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kumlea mtoto awe mbinafsi badala ya kumlea ashirikiane na wenzake. Na huu utaratibu wa kugawa wanafunzi kwenye nyumba zenye majina, rangi na makombe tumeurithi kutoka shule za bweni za Uingereza. Kwa nini basi tung'ang'anie kitu cha kurithi ambacho kinawapasua watoto vichwa?

Sikuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo mzee wetu wa stoo, Mngoni, ambaye asubuhi yake nilimkuta anafagia vioo. Hakusema mengi. Alisema, "Mwalimu, hawa vijana mmewapa ushindani, utani hamkuwapa."

Nimelala na neno hilo siku kadhaa. Vijana wengi leo wakisikia utani wanafikiri ni mzaha tu. Wazee waliopo hapa wanajua ni mkataba. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, kabla Mjerumani hajafika huku. Hakuna aliyemmaliza mwenzake. Baada ya damu ile ukabaki utani: Mhehe akikutana na Mngoni atamsimanga, atachukua kuku wake, atamtangazia arusini kwamba bwana harusi ni mtumwa wake, na hakuna wa kukasirika. Wanyamwezi na watu wa pwani nao wanataniana tangu enzi za misafara, walipokuwa wakipitiana njiani wakihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Lakini upande wa pili wa mkataba ni mzito. Ukifiwa, mtani ndiye anayeshika jembe. Mtani ndiye anayeingia jikoni, anayewachekesha wafiwa wasizimie kwa huzuni, anayefanya kazi ambazo ndugu hawawezi kuzifanya kwa sababu mikono yao inatetemeka. Aliyekusimanga jana ndiye anayekuzikia leo.

Hata kwenye mpira tunalo neno hilo. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 tunawaita watani wa jadi, redio zinalisema kila wiki. Tumelizoea mpaka tumeacha kulisikia.

Basi tukawaita viongozi wa mabweni, tukawaeleza, na tukayafunga mabweni kwa utani, mawili mawili: Mkwawa na Songea, kama walivyo wenyewe katika historia, na Mirambo na Kinjekitile, Mnyamwezi na mtu wa kusini ya pwani. Kumtania mtani wako ruksa, uwanjani na bwaloni, ilimradi usitukane mzazi wala umaskini wa mtu. Mgonjwa wa bweni lako anapelekewa uji na mtani. Ukaguzi wa usafi wa Jumamosi unafanywa na mtani. Ukipatwa na msiba, anayekusimamia ni mtani. Mwalimu mmoja akapendekeza huduma hizi zipewe alama ili vijana wazitilie maanani. Kaka mkuu akanyoosha mkono akasema hapana, mtani hapewi alama, akipewa alama amekuwa kibarua. Tukaandika hivyo hivyo kwenye ubao wa matangazo, na maneno hayo bado yapo, mkitoka mtayaona mkono wa kushoto.

Sasa niwaambie jambo linaloniuma.

Kwa miaka mingi nimekagua usafi wa mabweni mimi mwenyewe. Naingia saa tatu Jumamosi, sakafu inang'aa, matranka yamepangwa, neti zimefungwa juu, natoa 10 kati ya 10 na natoka nikiwa nimefurahi. Ukaguzi ulipohamia kwa watani, wiki ya kwanza tu Songea waliingia Mkwawa na wakatoa 3. Nikadhani ni utani umezidi. Nikamwita kiongozi wao nimuulize. Akanijibu, "Mwalimu, sakafu ni safi. Lakini muulize nani amepiga deki."

Nikauliza. Waliopiga deki walikuwa njuka, vijana wa kidato cha kwanza, wote kumi na wanne, na walianza saa kumi alfajiri. Maji ya huku mnayajua. Asubuhi za Juni na Julai nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi. Nilimshika mtoto mmoja mikono, ngozi ya vidole imepasuka kama udongo wa mtoni wakati wa kiangazi. Alinificha mikono ile nyuma ya mgongo, akifikiri amekosea yeye. Kaka zao wa kidato cha nne walikuwa wamelala mpaka kengele. Na haikuwa Mkwawa peke yake. Mabweni yote manne yalifanya hivyo, na kila alama niliyotoa miaka yote hiyo ilikuwa imelipiwa na mtoto mdogo kuliko wote. Mashindano niliyokuwa nayasimamia kwa fahari yalikuwa yamewapa wakubwa sababu nzuri ya kuwatesa wadogo: "Unataka bweni lishindwe kwa ajili yako?"

Wazazi wa vijana wale, nawaomba radhi mbele ya hadhara hii. Nilipaswa kuona.

Tulichokifanya ni rahisi. Siku hizi mkaguzi hatazami sakafu kwanza, anatazama ratiba ya zamu, halafu anawaita watu wawili wa kidato chochote wamweleze wiki hii wamefanya kazi gani. Jina la mtu wa kidato cha nne lisipokuwepo kwenye ratiba ya ufagio, bweni linapata sifuri hata kama sakafu unaweza kujitazama uso. Wiki mbili za mwanzo mabweni manne yalipata sifuri. Wiki ya tatu nikamkuta kiranja wa chakula, kijana wa futi sita, amekunja suruali anasugua mfereji na kandambili miguuni, na njuka mmoja anamwonyesha pale alipopasahau.

Wapo waliosema tunalegeza nidhamu, kwamba kiongozi wa wavulana lazima aogopwe. Mimi huwakumbusha kwamba Nyerere alipokuwa Tabora, shule ya wavulana kama hii, walimu walimpendekeza awe kaka mkuu na mkuu wa shule akakataa kwa sababu alimwona mpole mno kwa kazi hiyo. Sidhani kama kuna mtu hapa anahitaji kuelezwa yaliyofuata.

Mbio za nyika nazo tulizibadili. Mwaka jana tulihesabu 20 wa kwanza tu, kwa hiyo kila bweni lilileta wakimbiaji watano na waliobaki walilala kwenye nyasi wakishangilia. Mwaka huu kila anayerudi kutoka mtoni kabla ya kengele ya saa mbili analiletea bweni lake alama moja, awe wa kwanza au wa mwisho, na kumi bora wanaongezewa kidogo. Wenye pumu na wenye matatizo ya miguu walisimama kwenye njia panda na madumu ya maji na vibendera, nao wakahesabiwa kama waliomaliza. Kiongozi wa Kinjekitile alipiga hesabu usiku ule ule. Yeye ni mkimbiaji, angeweza kuwa wa pili au wa tatu shule nzima. Aliamua kukimbia nyuma kabisa. Kwa wiki sita kabla ya mbio alikuwa anawatoa wanene na wavivu wa bweni lake kabla ya mchakamchaka, anawapeleka mpaka kwenye mti wa pili, kisha wa tatu, kisha darajani. Siku ya siku, katika kumi bora Kinjekitile hawakuwa na mtu hata mmoja. Wakashinda mbio. Yule kijana aliingia amechafuka matope mpaka kiunoni, nyuma ya wote, huku akiwapigia kelele wawili waliokuwa mbele yake wasitembee. Mirambo, watani wao, waliokuwa na mshindi wa kwanza na wa pili, walimsubiri langoni na wimbo wa kumcheka ambao siwezi kuuimba mbele ya mgeni rasmi. Aliupokea kwa kucheza.

Katika taaluma tulifanya vivyo hivyo, tukahesabu waliotoka F katika Hisabati kati ya jaribio la Machi na la Agosti. Hisabati ndilo somo linaloangusha watoto wengi nchini kidato cha nne, mnajua. Hapo sina hadithi ndefu. Ukipita madarasani wakati wa prepu sasa unakuta vikundi, na wanaofundisha si walimu.

Nirudi kwenye utani. Mwezi wa Mei, siku ya Jumatano, simu iliingia ofisini kwamba baba wa kijana mmoja wa kidato cha pili, wa Mkwawa, amefariki. Wengine wenu mnamjua, sitamtaja. Nilipofika bwenini kumwita, Songea walikuwa wamekwisha kusikia, sijui kwa njia gani. Nilikuta kijana amekaa kitandani, na mkwe wa utani, kama wanavyoitana, yuko chini anamfungia kamba za viatu kwa sababu vidole vyake havikuwa vinafanya kazi. Wengine wanapanga nguo zake kwenye begi. Mmoja amekwenda kuanua shati lake la shule likiwa bichi, akalipiga pasi mpaka likakauka. Hakuna mwalimu aliyewaagiza. Kopo la rambirambi lilizunguka mabweni yote manne, na viongozi wake waliniomba nisiandike bweni gani limetoa kiasi gani. Wawili wa Songea walimsindikiza mpaka stendi pamoja na mwalimu wa zamu. Ndani ya gari, mwalimu huyo ananiambia, mmoja wao alianza kumtania: kwamba Wahehe hata kwenye huzuni wanataka kukaa kiti cha dirishani. Kijana akacheka. Alikuwa hajatoa sauti tangu saa nne asubuhi, na kicheko kile ndicho kilichofungua kilio.

Alirudi baada ya siku tisa. Maandishi yote ya siku hizo tisa, masomo tisa, yalikuwa yamenakiliwa kwenye madaftari yake kwa miandiko tofauti tofauti. Yupo hapa leo, ndiye aliyewaelekeza wageni mahali pa kukaa.

La mwisho ni miti, na hili linawahusu wazee wa kijiji. Chanzo cha maji kule bondeni ni chetu sote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye madhara ndani ya mita 60 za chanzo, lakini sheria haioti majani. Kijiji kilipokwisha kuondoa mikaratusi iliyokuwa inanyonya maji, shule ikaombwa ipande miti inayopatana na maji. Februari, mvua zikiwa nzuri, kila bweni likapanda miche yake ya mizambarau na mikuyu. Tukatangaza kwamba alama hazitatolewa kwa miche iliyopandwa. Zitatolewa Septemba, katikati ya kiangazi, kwa miche iliyo hai.

Hapo katikati kuna likizo ya Juni, na mche haujui likizo. Kinjekitile walikwenda shule ya msingi jirani wakaongea na walimu: ninyi tumwagilieni miche yetu wiki nne, sisi kuanzia Julai tutakuja kila Jumamosi kuwasaidia watoto wa darasa la saba kujiandaa na mtihani wao wa Septemba. Wakakubaliana. Walipofungua shule, miche yao ilikuwa imesimama na imezungushiwa miba. Ya Mirambo ilikuwa imeliwa na mbuzi zaidi ya nusu. Na hapa ndipo nilipoelewa kwamba mzee wa stoo hakunipa maneno ya kupamba: Kinjekitile waliwacheka Mirambo siku nzima bwaloni, wakawaita wachungaji wa mbuzi, na kesho yake alfajiri wakaenda kuwakatia miba na kuwasaidia kuzungushia ile iliyobaki. Kumbukeni pengo la alama 4. Miche ile ya Mirambo iliyookolewa ilihesabiwa. Kinjekitile walijua itahesabiwa.

Wazee wangu, Desemba tunafunga tena. Mvua zikiwahi Novemba tutashukuru, zikichelewa tunaomba watoto wa kijiji watusaidie kama walivyofanya Juni, na safari hii kwa mabweni yote manne. Kiongozi mpya wa kila bweni atakuja kuzungumza nanyi kabla hamjaondoka leo. Wasikilizeni, ni vijana wa kidato cha tatu, wana aibu kidogo.

Wahitimu, mtihani ni mwezi ujao na mabweni yenu yamekwisha kupata viongozi wapya. Funguo za stoo za mabweni naomba mzikabidhi kwao sasa hivi, hapa mbele, kila mmoja kwa kiongozi wa bweni la mtani wake, naye atampelekea mwenyewe. Mmekubaliana hivyo wenyewe na mimi ninatekeleza.

Na kombe. Baraza la mabweni limeamua kwamba litapokelewa na mtu mdogo kuliko wote katika bweni lililoshinda. Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakuomba usogee. Mwanangu wa kidato cha kwanza, Kinjekitile, njoo. Toa mikono mfukoni, njoo upokee. Limejaa vumbi kidogo, lishike kwa masikio yote mawili.